Baridi, Mgongo na Godoro la Shemeji Kasongo

Niliondoka Geita mwezi wa pili kwa sababu ya migongo. Wengine huenda Marekani kusoma, kuhudhuria harusi au kumlelea binti mtoto mchanga. Mimi niliitwa kwa sababu nimekuwa nesi wa zahanati ya mgodi wa dhahabu kwa miaka kumi na minne, na kazi yangu kubwa ni kuwapima watu kabla hawajashuka chini: presha, macho, mapafu na mgongo. Nilikuwa nimeandika kurasa chache kuhusu madereva wa magari makubwa ya mgodini na maumivu yao ya kiuno. Kurasa zile, sijui zilipitia wapi, zikafika kwenye chuo kikuu kimoja cha College Park, Maryland, ambako walikuwa wanaandaa mkutano wa siku tatu kuhusu migongo ya wachimbaji wa nchi za baridi. Walitaka mtu wa migodi ya joto ili walinganishe. Wenzangu zahanati walinicheka mpaka wakachoka. Wakaniuliza baridi nimeijulia wapi, au ni kwenye friji ya chanjo? Nikawaambia waendelee kucheka, mimi nakwenda.

Habari za angani sitawachosha nazo. Mwanza, Dar es Salaam, Addis Ababa, kisha kiti cha katikati kwa saa nyingi mno. Mtaalamu mzima wa migongo nilitoka kwenye ndege nimeinama kama mtu anayetafuta sindano.

Jumamosi asubuhi, uwanja wa Dulles, alinipokea dada yangu Restituta, mtoto wa mama mkubwa, ambaye anafanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao. Hatukuwa tumeonana kwa miaka tisa. Tulikumbatiana tukalia, tukacheka, tukalia tena, watu wakitupita na mabegi yao. Nyuma yake alisimama mumewe, Shemeji Kasongo, Mkongo wa Kolwezi, mwanaume wa mabega mapana na sauti ya chini. Alichimba shaba kwao ujanani, halafu akafanya kazi misimu minne ya baridi katika mgodi wa mbali kaskazini, akiendesha gari la kubebea mawe. Siku hizi anakaa kwenye kibanda cha maegesho ya magari mjini. Tulipotoka nje, baridi ilinishika pua, nikaona theluji kwa mara ya kwanza maishani. Niliiokota, nikaionja. Resti akaniambia niache, namwaibisha mbele ya uwanja mzima, lakini na yeye alikuwa anacheka.

Annandale, wanakoishi, maduka mengi yana maandishi ya Kikorea, hata nikauliza kama kweli tumefika Marekani. Nyumba yao ni ndogo, ya ghorofani, ina chumba kimoja na sebule. Walinipa chumba, nilale humo na Resti. Nilikataa kwa adabu mara mbili kama inavyopasa, mara ya tatu nikakubali. Na lile godoro! Lilikuwa gumu kiasi, laini kiasi, yaani ukilala unasikia uti wa mgongo unanyooka pingili moja baada ya nyingine. Asubuhi mezani, tukila sombe, yaani kisamvu cha kwao, na ugali uliobaki, nililisifia godoro hilo mpaka nikalitolea mhadhara. Nikawaambia hivyo ndivyo mtu mwenye mgongo mbovu anavyopaswa kulala. Shemeji alitabasamu tu.

"Lala muzuri, shemeji," alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo "njo" ni "ndiye". "Mugeni njo anapaswa kulala muzuri."

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Shemeji alinipeleka College Park kwa gari, kwa kuwa zamu yake huanza mchana. Nilifika nikiwa na hamu kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni, na sikuvunjika moyo. Walikuwa na chumba cha baridi, kikubwa kama kontena, na ndani yake kiti cha dereva kilichofungwa juu ya mashine ya kutikisa. Mtu anavishwa mkanda wa vipimo kiunoni, mlango unafungwa, kiti kinaanza kuruka kama gari lililoingia kwenye mashimo, na nje tunaona kwenye skrini jinsi misuli ya mgongo inavyokaza. Wengine waliangalia. Mimi niliomba kukaa. Dakika kumi tu, meno yakawa yanagongana na makalio sikuyasikia tena.

Nilijifunza mengi siku ile mpaka mkono ukauma kwa kuandika. Baridi huikaza misuli ya dereva, na pia huzikaza spring za kiti chake, kwa hiyo kila shimo la barabarani humfika kwenye uti wa mgongo moja kwa moja. Kwetu kiti hupata joto kuliko mtu. Ilipofika zamu yangu niliwaeleza jinsi watu wa zahanati yetu tulivyowazoesha madereva kujinyoosha huku wakiimba kabla ya zamu, na Dakta Marit, mwanamke wa mvi aliyeongoza mkutano, akataka tufanye papo hapo. Basi maprofesa ishirini na zaidi wakasimama, wakainama, wakajinyoosha, wakajaribu na kuimba. Nilijiona mkubwa kweli.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, ukubwa huo uliniishia. Niliamka kwenda kuchemsha chai. Sebuleni nilimkuta Shemeji Kasongo amelala chali kwenye zulia, miguu ameipandisha juu ya kochi, jasho linamtoka usoni na nje kuna theluji. Alikuwa ameshindwa kuinuka. Kwenye kochi kulikuwa na mto wake na blanketi. Nilipiga magoti, nikamgeuza ubavu taratibu, nikamsaidia kuegemea kiwiko mpaka akaketi. Alininong'oneza nisimwamshe mkewe, lakini Resti alikuwa ameshasimama mlangoni, akiwa amevaa sare ya kazi.

Hapo ndipo nilipoambiwa. Godoro lile lilinunuliwa kwa agizo la daktari, kwa ajili ya mgongo wake. Kwa siku tatu mimi, mgeni rasmi wa mkutano wa migongo, nilikuwa nimelilalia na kulisifia, na mwenyewe analala kwenye kochi linalozama katikati. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Ningekuambiaje, Vero?" Resti alisema. "Mgeni wa kwetu alale kwenye kochi? Na huyu asingekubali. Hata mimi haniambii kama inauma. Ame-apply kurudi kule kule mgodini, na Ijumaa ndiyo test. Akipita, Machi anaondoka."

Kasongo alikunja blanketi lake akaliweka vizuri.

Njiani kwenda College Park tuliingia barabara kuu inayozunguka mji, magari yamebanana pande zote. Kasongo akazima redio. Akaniambia kwamba kibanda cha maegesho kinamuua polepole, kwamba kule kaskazini alikuwa mtu, aliheshimika, wenzake walimwita kwa jina. Kisha akaomba, kwa lugha ya kwao ambamo "paka" ni "tu".

"Shemeji, wewe njo unapimaka batu kwenu. Unajua vile vipimo vyote. Unionyeshe paka namna ya kupita."

Ninavijua, ndiyo. Najua dawa gani humezwa saa moja kabla, na kwamba ukioga maji ya moto na kutembea kidogo kiuno hulegea. Najua kwamba mpimaji akikulaza chali na kuuinua mguu wako, anaangalia uso zaidi ya mguu, na najua jinsi ya kuvuta pumzi ili uso usikusaliti. Ningeweza kumfundisha yote kabla hatujafika pa kutokea barabara kuu. Nilikuwa nimekula chakula chake na kulala kwenye kitanda chake, na sikuwa na ujasiri wa kusema hapana. Nikamwambia kwanza aingie ndani akaone mashine yetu.

Aliingia, akasimama nyuma kabisa na koti lake. Ndani ya chumba cha baridi alikuwamo mwanafunzi mmoja, kijana mwembamba, akituonyesha, kwenye ngazi iliyofungwa kando ya kiti, jinsi dereva anavyoshuka: uso kwenye gari, mikono miwili kwenye vishikio, ngazi moja moja. Kasongo akacheka. Dakta Marit akageuka, akauliza kuna nini, nami nikawa mkalimani.

Kasongo alisema hakuna anayeshuka hivyo. Ngazi zina barafu, glovu ni nene, vidole havisikii kishikio, basi unashuka mbili halafu unaruka. Unaruka na miguu imekufa ganzi kwa saa nne za kukaa. Na kwa nini umekaa saa nne? Kwa sababu ukitaka kwenda haja unavua nguo tano na kuzivaa tena, na wenzako wanakusubiri. Kwa hiyo hunywi maji, na hushuki kujinyoosha mpaka iwe lazima. Nilitafsiri, watu wakaandika. Mwanafunzi yule alitoka chumba cha baridi akaja kukaa karibu. Dakta Marit aliweka kalamu chini akauliza kama kule kuruka hakukuwa kunauma.

Kasongo aliniangalia mimi.

"Mwambie iliuma tangu musimu wa kwanza," alisema. "Sikusema, juu kazi ingeisha."

Nilitafsiri neno kwa neno: hakusema kwa sababu kazi ingeisha.

Jioni ile nilifika nyumbani, nikajilaza kwenye kochi na viatu vyangu, nikatangaza kwamba anayetaka kunitoa anibebe, na humu ndani hakuna mwenye mgongo wa kunibeba. Shemeji aliporudi kutoka kazini alibisha kwa nusu saa. Resti alicheka hadi akakaa chini, kisha akamsukuma mumewe chumbani akafunga mlango.

Jumatano, mkutano ulipokwisha, mimi na Kasongo, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu, tulipanda treni ya Metro kutoka College Park hadi mtaa wa Shaw, katikati ya mji, na Resti akatukuta huko kwenye mkahawa wa Kihabeshi. Nilikuwa na furaha iliyochanganyika na woga. Dakta Marit alikuwa amechukua namba ya Kasongo na kumwomba arudi kuwasaidia kupanga upya jaribio lote, ingawa hakuahidi ajira wala cheo. Tulinawa, tukala sinia moja. Resti alipokwenda kupokea simu ya mgonjwa wake, Kasongo aliniuliza tena kama nitamfundisha.

Nilimwambia, "Shemeji, nitakufundisha ninachowafundisha watu wangu. Akikuuliza kama inauma, sema inauma."

Alimega injera, ule mkate wao laini kama chapati, akaishika bila kuila.

"Na bale bako, banasemaka?"

Nilijibu haraka kwamba husema. Halafu nikajaribu kumkumbuka hata mmoja, na sikumpata. Miaka kumi na minne, fomu juu ya fomu, na kwenye swali la mgongo nimeandika hapana, hapana, hapana, kwa mkono wangu mwenyewe, nikagonga muhuri, nikawashusha chini. Nikamwambia ukweli huo. Akatikisa kichwa polepole, akala, na hatukuzungumza tena habari ya kufundishana.

Alhamisi waliniaga Dulles, wote watatu tukijifanya hatuna wasiwasi. Ndege ilikaa ardhini saa nyingi ikisubiri kuondolewa barafu mabawani. Jumamosi, nikiwa bado Addis Ababa kwa sababu ya ndege niliyoikosa, simu ilishika mtandao na ujumbe wa sauti wa Kasongo ukaingia. Alisema nesi aliyempima alimwinua mguu, akamuuliza, naye akasema ndiyo, inauma. Nesi akafunga faili, akamshukuru kwa kuja, na safari ya Machi ikaishia hapo. Kasongo hakusema kama amefurahi au ameumia. Nyuma ya sauti yake nilimsikia Resti akiimba jikoni, nami nikalia hadharani pale kwenye viti vya abiria, machozi ya furaha, sitaki kuwadanganya.

Jumatatu nilirudi zahanati. Wenzangu walitaka habari za theluji, nikawapa zote na chumvi kidogo. Kisha akaingia wa kwanza kwenye foleni, Masanja, dereva wetu kwa miaka saba sasa, kofia ngumu mkononi. Nimempitisha kila mwaka. Nilipima presha, macho na mapafu. Tulipofika kwenye mgongo niliweka kalamu chini, nikamuuliza, na nikasubiri kuliko nilivyozoea.

Aliitazama fomu.

"Sista, nikisema, leo nitashuka?"

"Leo hushuki," nilimwambia. "Nitakwenda mwenyewe kwa msimamizi wako tuzungumze upewe kazi ya huku juu, nje ya shimo. Kama atakubali, sijui."

Alisimama pale akiizungusha kofia yake, nje wenzake wakianza wimbo wa kujinyoosha. Akaenda akafunga mlango. Akarudi akakaa, taratibu, mkono mmoja kwenye ukingo wa meza yangu, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi anavyokaa.

"Basi andika," alisema. "Ni tangu mwaka juzi."