Midomo Iliyopima Homa

Pale Silberbach, jumuiya yetu ya waumini wanaoishi na kulima pamoja kwenye nyika za Saskatchewan, kipimajoto kilikuwapo. Kilikaa kwenye kabati la jiko kuu pamoja na bendeji na chupa ya spiriti, na hakuna aliyekumbuka kilitolewa lini mara ya mwisho. Mtoto akishikwa na homa, mama yake alimviringisha blanketi, akavuka uwanja, akagonga mlango wa Rahel Hofer. Rahel alijifuta mikono kwa aproni, akampakata mtoto, akaweka midomo yake kwenye paji la uso wake, pale juu kidogo ya nyusi, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akatoa hukumu.

"Meno hayo yanatoka. Mpe kitu baridi atafune, na wewe mwenyewe ukalale, macho yamekuvimba."

Au: "Huyu mpeleke mjini sasa hivi. Na usiniambie unakwenda kubadili nguo kwanza."

Alikuwa hakosei. Mtoto wa mwalimu alipopata nimonia, ni midomo ya Rahel iliyomtoa nyumbani, baba yake bado anabisha kwamba ni mafua tu. Toka siku hiyo wanawake walisema wao hawana haja ya kusomewa namba kwenye kijiti cha kioo, wanaye Rahel. Naye Rahel, tuseme ukweli, alipenda sana kusikia hivyo. Sisi tunafundishwa tangu utotoni kwamba majivuno ni dhambi, kwa hiyo kila mtu ana kijidhambi chake anachokificha chini ya aproni. Cha Rahel kilikuwa hicho.

Midomo hiyohiyo ilikuwa na kasoro moja. Akichoka kupita kiasi, pembeni mwa mdomo wa chini yalimtoka malengelenge madogo, yakapasuka, yakafanya gamba, yakapona. Ilikuwa hivyo tangu usichana wake: baada ya machinjo, baada ya arusi kubwa, baada ya wiki ya kutia kabichi kwenye mapipa. Mumewe, Jakob, msimamizi wa nguruwe, alikuwa na mzaha wake usiozeeka.

"Rahel kachanua tena! Basi majira ya baridi yamefika."

"Mimi angalau nachanua," Rahel alimjibu. "Wewe unanuka mwaka mzima."

Alipaka asali, akaendelea na kazi. Nani angehangaika na kipele? Karibu nusu ya jumuiya walikuwa nacho. Watu wanaokula kwenye jiko moja kutoka kuzaliwa mpaka kuzikwa hugawana kila kitu. Katika watoto wake wote, ni Dorothea peke yake ambaye hakikumpata kamwe, na Rahel alizoea kumtania mbele ya wageni kwamba yule midomo yake ilinunuliwa dukani.

Dorothea, yaani Dora, aliolewa Neuwiese, jumuiya nyingine kama yetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari. Kwetu binti akiolewa huhamia kwa mumewe, lakini akijifungua, mama yake humfuata. Huenda kumpikia supu ya kuku yenye tambi na mikate iliyokaangwa kwa siagi, kumwogesha mtoto, na kumfukuza yeyote atakayethubutu kumshikisha mzazi ufagio. Rahel alikuwa amewalea hivyo mabinti zake wote. Kama ungemuuliza lini amewahi kuwa na raha duniani, angekuambia ni katika wiki hizo.

Habari ya kwamba Dora amejifungua mtoto wa kiume ilifika Silberbach wakati wa kunyonyoa bata bukini. Rahel alikuwa amesimama kwenye mvuke na manyoya siku nzima, mgongo unawaka moto. Aliposikia, alitupa kisu ndani ya beseni na kupiga vigelegele, mpaka mhubiri akachungulia dirishani kuona kumetokea nini.

Aliyekuja kumchukua ni mkwewe, Elias Wurtz, msimamizi wa bata mzinga wa Neuwiese, kijana mpole mwenye ndevu zisizotaka kujaa. Njiani Rahel alihisi mdomo unamwasha. Alijua maana yake, akatafuta asali kwenye kikapu.

Walipofika lango la Neuwiese, Elias alisimamisha gari, akapulizia magurudumu dawa, kisha akamletea mama mkwe wake karai la dawa hiyohiyo.

"Viatu, Mama. Samahani sana."

"Viatu vyangu vimekukosea nini?"

"Mafua ya ndege. Wewe umetoka kwenye bata. Virusi vikipanda na soli zako mpaka kwenye banda langu, wiki ijayo hatuna hata ndege mmoja."

"Na meno je, niyatoe uyachovye?"

"Hayo nayaogopa, Mama. Yabaki hukohuko," Elias alisema, na wote wawili wakacheka. Rahel akachovya viatu, kimoja kimoja.

Mtoto aliitwa Zakarias, mvulana wa kwanza baada ya wasichana wawili. Alikuwa na nywele nyeusi zilizosimama kama za mtu aliyegutushwa usingizini. Rahel alimpokea kutoka mikononi mwa Dora, na kabla hajasema neno, akaweka midomo yake juu ya nyusi zake. Akafumba macho. Dora, kitandani, alitabasamu akiona uso wa mama yake.

"Anasemaje?"

"Anasema ana njaa, na baba yake ana ndevu za aibu."

Ilikuwa desturi yake kumpima mtoto mchanga asubuhi, mchana na kila alipoamka kunyonya, awe mzima au mgonjwa. Alisema humjui mtoto mpaka ulijue joto lake la kila siku. Siku moja Dora alimwangalia mdomoni.

"Mama, hicho kipele hakina neno?"

"Kipele cha uchovu hiki. Ninacho tangu sijamjua baba yako."

Basi, yakaishia hapo.

Wiki ya pili Zakarias alianza kulala kuliko kawaida. Aliwekwa kwenye ziwa, akanyonya mara mbili tatu, akaliacha, maziwa yakamtiririka shavuni. Dora alimtikisa nyayo, akampuliza usoni, akamvua nguo ili baridi imwamshe. Mtoto alifungua macho, akayafumba.

"Mama, hanyonyi. Tangu asubuhi hanyonyi."

Rahel alimchukua. Aliweka midomo pale pake, akakaa kitambo, akarudia tena. Paji la uso lilikuwa limepoa, pengine kuliko jana. Moyo wake ukatulia.

"Hana homa hata chembe. Ni mvivu tu, kama baba yake. Mwache apumzike, kesho atakunyonya mpaka ulie."

Dora aliamini. Kwa nini asiamini? Alikuwa amelelewa na midomo hiyo, na haikuwahi kumdanganya. Kwa hiyo siku ile nzima ilipita mtoto amelala kitandani mwake, wao wanazungumza kwa sauti ya chini ili wasimwamshe.

Kesho yake asubuhi alikuwa na rangi ya njano, na kilio chake kilikuwa kama cha paka aliyefungiwa chumba cha mbali. Elias aliendesha gari mpaka mjini. Daktari wa pale alimwangalia mtoto mara moja tu, akaita gari la wagonjwa, wakapelekwa hospitali kubwa, Saskatoon.

Hospitali ile ina milango inayofunguka yenyewe na watu wanaotembea haraka. Zakarias aliwekwa ndani ya kisanduku cha kioo, mirija kila mahali, mkono wake umefungwa kwenye kibao kidogo ili sindano isichomoke. Walimpa dawa za kuua bakteria, maana ndiyo hushukiwa kwanza. Rahel alisimama nyuma ya Dora, mikono yake mikubwa haina kazi. Hakuna aliyemwomba apike wala aogeshe, wala hakuna aliyemletea mtoto ampime. Waya uliobandikwa kifuani ulikuwa ukipima, na namba ziliwaka kwenye kioo cha mashine.

Halafu vikatokea vipele. Muuguzi ndiye aliyeviona, vidogo, vimejaa maji, vimekusanyika pamoja. Vilikuwa juu kidogo ya nyusi.

Daktari, mama wa makamo aitwaye Lavallee, alikuja akainama juu ya kioo kwa muda mrefu. Akachukua majimaji ya vipele kwa kijiti cha pamba, akaagiza dawa nyingine itundikwe palepale. Alipojinyoosha kuzungumza na wazazi, macho yake yalipita usoni kwa Rahel, yakaenda zake, yakarudi.

"Bibi," alisema taratibu, "hicho kidonda cha mdomoni kilikutoka lini?"

Rahel alifunika mdomo kwa kiganja. Dora aligeuka akamtazama.

Daktari aliwaeleza wakiwa wamesimama vilevile. Ni virusi. Kwa mtu mzima ni kipele cha wiki moja, huja na kwenda. Kwa mtoto mchanga, vikishaingia, vinakwenda kwenye ini, kwenye damu, kwenye ubongo. Mama aliyewahi kuvipata zamani humrithisha mwanawe kinga fulani akiwa tumboni. Dora hakuwahi kuvipata, kwa hiyo hakuwa na cha kumrithisha. Mwenye kipele mdomoni hatakiwi kumbusu mtoto mchanga, ndiyo kinga yenyewe, hakuna nyingine.

"Lakini hakuwa na homa," Rahel alisema. "Nilimpima. Alikuwa amepoa."

"Watoto wadogo hivi mara nyingi hawachemki, bibi. Wengine hupoa. Kupoa huko ndiko kubaya."

"Dawa si mmempa?" Dora aliuliza. "Dawa ipo, si ndiyo?"

"Tumempa. Ni dawa nzuri, lakini inataka kuwahiwa." Daktari alimshika bega. "Tutafanya yote tunayoweza."

Elias alikuwa ameegemea ukuta, kofia yake mkononi. Aliiangalia sakafu, akasema kama anayezungumza na mtu mwingine kabisa:

"Viatu nilimwosha."

Akatoka nje. Alirudi jioni, macho mekundu, akamletea Rahel chai kwenye kikombe cha karatasi, akaiweka kwenye kiti cha jirani bila kumtazama. Rahel angependa amfokee. Angependa Dora amfokee, ampigie kelele, amwambie atoke, arudi kwake. Dora hakumwambia lolote. Alikaa ameshika tama mbele ya kisanduku, na kila Rahel alipomkaribia alisogeza kiti kidogo, kama anayempisha mtu.

Siku ya pili yake Jakob alipiga simu kutoka Silberbach. Hakufanya mzaha wowote. Alisema wote wanaomba, kisha akampa simu Katrina, mke wa msimamizi wa mashine, aliyekuwa akingoja pembeni.

"Shangazi Rahel, pole sana na mjukuu. Nisamehe nakusumbua. Huyu mwanangu anachemka mwili toka jana, nami sijui nifanyeje. Laiti ungekuwa hapa ukampima."

Rahel alifumba macho. Barakoa waliyompa hospitalini ilimbana pumzi.

"Katrina, nenda jiko kuu. Kabatini, nyuma ya bendeji, kipo kipimajoto."

"Sijui kukisoma, shangazi."

"Utajifunza," Rahel alisema, akakata simu.

Ini la Zakarias lilishindwa, kisha damu yake ikakataa kuganda. Kila walipomchomoa sindano alivuja damu. Daktari Lavallee alikuja na kuketi, na alipoketi wakajua, kwa sababu siku zote alikuwa akizungumza amesimama. Aliwaambia kwamba sasa mashine ndizo zinazomweka mtoto hai, na kwamba wanaweza kumpakata.

Walimtoa kwenye kioo. Dora alimlaza kifuani, nywele zile nyeusi bado zimesimama, na Elias akawakumbatia wote wawili. Aliimba sehemu ya wimbo wa ibada ya jioni, akaukatisha. Rahel alibaki karibu na mlango. Alijiona hana haki ya kuisogelea familia ile.

"Mama," Dora aliita. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu siku ya vipele. "Njoo umbusu."

"Siwezi, mwanangu."

"Haiwezi kumdhuru tena. Njoo."

Rahel alikuja. Alivua barakoa. Kidonda kilikuwa kimeshapona, limebaki doa la waridi tu. Aliinama mpaka akanusa ile harufu ya maziwa ya mtoto, na hapo midomo yake ikabana, ikagoma. Aliilazimisha, lakini haikukubali. Dora alimngoja, machozi yanamdondoka juu ya kichwa cha mtoto, na hakumharakisha.

Mwishowe Rahel akanyoosha mkono, akaweka kiganja chake pale juu ya nyusi. Kilikuwa kiganja kigumu kilichokanda unga na kunyonyoa bata maisha yake yote, na hakikuwahi kufundishwa kupima. Alikiacha hapo, akingoja kimwambie kama mtoto bado ana joto, na hakikumwambia kitu.