Kisanduku Kisicho na Masikio

Alikuwa amejiapiza kwamba siku hiyo hatasema neno. Kisanduku ni cha mumewe, amplifaya ni ya mumewe. Yeye atabeba mkoba na kuitikia kwa kichwa.

Mumewe, mchapaji mstaafu, alikuwa na amplifaya nzito kama mfuko wa saruji na spika mbili zilizomeza nusu ya sebule. Kaseti zilikuwa zimelegea na mashine ya kuchezea sidii imegoma. Binti yao ndiye aliyemwambia kwamba siku hizi kuna kisanduku kidogo, unakichomeka kwenye amplifaya ile ile, kinavuta muziki wote kutoka mtandaoni. Tangu hapo mzee hakuwa na habari nyingine. Alikitaja asubuhi na jioni, mpaka mkewe akamwambia bora aende akakitolee posa yaishe.

Dukani, muuzaji mwenye upara na miwani iliyopandishwa utosini aliwawekea viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa cheusi, kina kirungu kikubwa cha kuzungusha mbele, na nyimbo zake huchaguliwa kwenye simu. Cha pili kilikuwa cheupe, laini, hakina kitufe hata kimoja.

Mume aliuliza la maana: kama nyuma vina matundu ya waya, mekundu na meupe, maana amplifaya yake haijui mengine. Vyote vilikuwa nayo.

"Ila hiki cheupe, mzee wangu, hakitaki hata kidole," alisema muuzaji. "Unakiambia tu."

Alirudi nyuma mpaka mlangoni, akakiomba wimbo kwa sauti ya kawaida. Kikaitika, kikapiga. Mume alicheka kwa furaha. Ulikuwa mwaka wa tatu vidole vyake vinatetemeka. Kijiko cha chai kilikuwa kinamshinda, sembuse kuchagua nyimbo kwenye kioo cha simu.

Mkewe alihesabu hatua kwa macho. Kidude kile kilikuwa kimemsikia mtu kutoka hatua sita, katikati ya wateja wanaoongea. Maana yake kilikuwa kinasikiliza hata kabla hakijaitwa.

"Kikiwa hakijaitwa, kinafanya nini?" aliuliza, kiapo kikiwa kimemponyoka.

Muuzaji alitabasamu kama aliyezoea swali hilo. Alikigeuza, akaonyesha swichi ndogo nyuma. Ukiibonyeza masikio yanafungwa, na taa nyekundu inawaka kukuhakikishia.

"Hiyo taa inawashwa na nani?"

"Na chenyewe, mama."

Mume alikuwa ameshaamua. Alisema wachukue cheupe, na muuzaji akaenda stoo kutafuta boksi lake. Wakabaki wawili kwenye benchi, mikono ya mume ikichezacheza juu ya magoti, na yeye akijua ana dakika chache tu. Akinyamaza, kidude kile kitakaa sebuleni kwake mpaka afe. Akisema, itabidi aseme na sababu, na sababu hiyo alikuwa ameificha miaka thelathini na minane.

Alikuwa opareta wa simu katika jengo la shirika walikofanya kazi wote wawili, yeye ghorofa ya pili, mume kwenye chumba cha chapa huko chini. Kila simu ya ofisi ilikuwa na taa ndogo nyekundu. Opareta akiwa kwenye laini, taa inawaka, na watu waliiamini. Lakini kiti cha mwisho, cha ukutani, kilikuwa na swichi ya kuizima taa bila kumtoa opareta, na kiti hicho kilikuwa chake. Kila asubuhi bwana mmoja waliyemwita Suti alimpa kikaratasi chenye namba. Yeye alisikiliza na kuandika. Kulikuwa na karani aliyempigia dada yake kila Ijumaa, wakicheka sana. Ijumaa moja hakupiga, wala iliyofuata. Yeye hakuthubutu kuuliza.

"Usichukue hicho," alisema.

"Kwa nini tena?"

Alimwambia, akiitazama sakafu. Swichi, taa, Suti. Mwisho akasema lile lililomkaba zaidi.

"Na namba ya chumba chenu ilikuja. Mara mbili."

Mume hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha mkewe.

"Uliandika nini?"

"Kwamba mnalalamikia wino."

Mume aliitikia kwa kichwa polepole. Wino walikuwa wanaulalamikia kweli, pamoja na mengine.

"Unakumbuka Jumapili, wenzangu wakija nyumbani?" aliuliza.

Angesahau vipi? Muziki ulikuwa unapigwa mpaka vikombe vinacheza kabatini na jirani anagonga ukuta. Yeye alikuwa jikoni akichemsha chai, akiamini mashine za chapa zimewaziba wanaume wale masikio.

"Hatukuwa tunasikiliza muziki," alisema mume.

Mkewe alichukua muda kuelewa. Alipoelewa, alitamani asingeelewa.

"Ulijua tangu lini?"

"Kabla sijakuoa. Walinitania kwamba naenda kuoa sikio."

"Na ukanioa."

"Nilikupenda," alisema mume. "Nikanunua na amplifaya."

Muuzaji alirudi na boksi jeupe kifuani. Mume alimwomba radhi kwa usumbufu, akasema watachukua kile cheusi chenye kirungu. Nyimbo atachaguliwa na mama watoto. Muuzaji alimtazama mama watoto kama mtu aliyemharibia biashara, akarudi stoo.

Yeye aliutazama mkono wa mumewe ukitetemeka kwenye goti. Miaka yote hiyo alikuwa akiogopa mume asije akajua, kumbe chumba cha pili mume alikuwa akimwogopa yeye, akipandisha sauti ya muziki.

"Na muziki wenyewe," aliuliza, "ulikuwa unaupenda?"

Mume alikitazama kile kisanduku cheusi mezani.

"Nilikuja kuupenda baadaye."

Mkewe alitaka kumuuliza baadaye ni lini. Badala yake akashika mkoba wake kwa mikono miwili, wakasubiri boksi.