Kidonge Hakifungi Mdomo

Katika kantini ya ofisi za maji, kila mtu alimwita mpishi Shangazi, hata mkurugenzi aliyemzidi umri. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya karai la mafuta akikaanga chipsi, mayai na kuku, na hakuna sahani iliyotoka bila yeye kuonja. "Mpishi asiyeonja ni mwongo," alizoea kusema.

Magoti ndiyo yaliyomshitaki. Yalipoanza kumuuma kila akipanda ngazi za stoo, alikwenda kwa daktari. Mizani ikasema kilo mia moja na nne. Akaandikiwa vidonge, kimoja kwa kila mlo, akaambiwa pia apunguze mafuta. Lakini maneno hayo ya mwisho yalisemwa mgonjwa mwingine akiwa ameshafungua mlango, na Shangazi alisikia nusu aliyoipenda.

"Vinazuia mafuta," alimweleza dada yake, ambaye aliishi naye. "Sasa nitakula kuku wangu kwa amani."

Akala. Siku ya nne, akigawa wali dirishani, tumbo lilinguruma, likamsokota. Alidhani ni upepo tu. Haukuwa upepo. Mfagiaji alimvuta mkono, akamnong'oneza, "Shangazi, gauni lako. Nyuma."

Gauni jeupe lilikuwa na doa la mafuta la rangi ya chungwa, na foleni nzima ilishaliona kila alipogeukia sufuria. Akageuza aproni, akaifunga kwa nyuma, akaondoka bila kuaga mtu.

Alinyoosha hadi duka la dawa, akabwaga pakiti kaunta. "Mmeniuzia sumu!"

Mfamasia, mama wa makamo, hakupandisha sauti. "Ulikula nini, dada yangu?"

"Kuku. Chipsi. Kama kawaida."

"Ndiyo maana. Kidonge hakiyeyushi mafuta. Kinazuia tumbo lisiyasage yote, kwa hiyo karibu theluthi inapita na kutoka kama ilivyoingia. Ukila mafuta kidogo, hata hutajua. Ukila mengi, yatatafuta mlango."

"Na mlo usio na mafuta?"

"Ruka kidonge, hakina kazi hapo. Na unywe vitamini wakati wa kulala, si pamoja na vidonge hivi, maana baadhi ya vitamini huondoka na mafuta."

"Kwa hiyo nijinyime vilevile?"

"Vilevile."

"Sasa hiki kinanisaidia nini?"

"Kinakushika mkono tu. Kutembea utatembea mwenyewe."

Jibu hilo lilimuudhi kuliko lile doa. Nyumbani alimkuta dada yake akimimina mafuta sufuriani kama anamwagilia bustani. Wakagombana.

"Mgonjwa ni mmoja, tule chakula cha hospitali wote?" dada yake alifoka.

Tangu siku hiyo jiko lao likawa na sufuria mbili na maneno machache. Kazini, Shangazi alionja kwa ncha ya kijiko, kisha akatema. Watu wakaanza kulalamika kwamba chumvi imezidi.

Baada ya miezi mitatu alipanda mizani. Kilo nne zimepungua. Akashuka, akapanda tena. Nne zilezile.

"Hongera, ni mwanzo mzuri," daktari alisema.

"Kilo nne ni kuku wawili, daktari. Kuku wawili, kwa mateso yote haya!"

"Na magoti?"

"Bado yananisema."

Hata hivyo alichukua pakiti nyingine. Akaketi kwenye benchi la korido, akavaa miwani, akaikunjua karatasi ya maelezo na kuisoma pande zote mbili, huku akiyatukana kimoyomoyo yale maandishi madogo.