Nilimgeuzia Daktari Maneno, Bega la Shemeji Likabaki Bovu

Nilimkosea mtu, na nilikusudia. Msinitafutie kisingizio cha ujana, nilikuwa na akili zangu timamu!

Mwanamume huyo nitamwita Mfaume. Alinichumbia mimi, wazazi wakapokea posa. Nikaenda Nachingwea kufanya kazi ya uhudumu wa wodi katika hospitali moja. Nikiwa huko nikaletewa habari: Mfaume anamwoa mdogo wangu Somoe, kwetu Ruangwa! Nilipomfuata kumuuliza, akanijibu mbele za watu: "Wewe umesoma mno. Nikuoe uje unitawale?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kilinikaa kooni kama mwiba.

Mungu si Athumani! Mfaume akabeba gunia la korosho, bega likamtoka. Likarudishwa, likatoka tena. Ikafika mahali akinyoosha mkono kutundika shati tu, bega limetoka! Kila nikisikia, nafurahi. Sukari enzi zile ilikuwa ya foleni, lakini chai yangu naiona tamu.

Basi katika miaka hiyo ya themanini akaja hospitalini kwetu bingwa wa mifupa, Mzungu. Kiswahili hajui. Mkalimani nani? Mimi! Mara anaingia Mfaume, na Somoe nyuma yake.

Daktari akampima, akaeleza taratibu. Kwao wameanza kutengeneza mabega ya namna ile bila kupasua pakubwa. Wanatoboa vitundu vidogo; katika kimoja wanapitisha kimrija chenye taa cha kuchungulia ndani, kwa kingine wanashona nyama iliyochanika. Mwenzake yuko Dar es Salaam na vifaa hivyo. Mfaume akitaka, atapelekwa.

"Anasemaje, dada?" Somoe akaniuliza.

Nikamtazama Mfaume machoni. "Anasema watalipasua bega lote. Huenda mkono ukafa, wakaukata."

Mfaume akaruka kutoka kitini. "Mwambie sitaki! Nitalima na nini?"

Nikamgeukia daktari, nikamwambia mgonjwa anaomba akafikirie kwanza. Moyoni napiga vigelegele. Kaa na bega lako, mshenzi wee!

Masika iliyofuata walikuwa wanarudi kutoka shamba, Nambilanje. Mto umejaa. Mfaume akatangulia, akamshika Somoe mkono amvushe. Maji yakamvuta Somoe, Mfaume akakaza. Bega likatoka. Vidole vikaachia.

Tulimpata mdogo wangu kesho yake, kwenye matete. Jamani!

Msibani Mfaume akaja kuniangukia, mkono umefungwa kwa kanga. "Shemeji, nilimshika! Wallahi nilimshika!"

Hadi leo sijamwambia daktari alisema nini hasa. Na niseme lililo baya zaidi: bado namchukia! Nikimwona anahangaika kuvaa shati, roho yangu inataka kufurahi kama zamani, halafu namwona Somoe kwenye yale matete.

Watoto wa Somoe nimewalea mimi. Juzi yule mkubwa, sasa mtu mzima, ameniuliza, "Mama mkubwa, kwa nini baba alimwachia mama?"

Nikamwambia maji yalikuwa mengi.

Ndugu yangu unayesoma, najua na wewe una mtu wako aliyekuumiza. Siku akiletwa mikononi mwako mgonjwa, mtibu, hata kama unamtemea mate moyoni. Usipoweza, basi anza leo kutafuta uongo wa kumwambia mtoto. Mimi wangu hautoshi. Ameshaanza kuniuliza tena.