Mpiga Chapa wa Barazani kwa Rajabali

Kabla ya kugusa mashine, mpiga chapa wa barazani kwa Rajabali, Shinyanga mjini, alifuta miwani kwa ncha ya shati, akapuliza vumbi kwenye herufi, akaguna kama mtu aliyetwishwa gunia la pamba. Vidole viwili tu ndivyo vilivyofanya kazi. Vingine vilikaa vimejikunja, vimechoka. Mwasiti, katibu wa kijiji, alikuwa amerudi mara ya nne na ombi lile lile la msaada wa pampu ya kisima. Mara tatu wafadhili walijibu: hongereni, mnajiweza.

“Soma, mama.”

“Sisi wanakijiji tumechimba kisima kwa nguvu zetu wenyewe, na kinatufaa sana...”

“Kinawafaa?”

“Kina matope, mzee. Lakini mwenyekiti anasema tukilia shida tutaonekana wavivu.”

Mzee alishusha pumzi. Akavuta kibuyu cha maji alichokuja nacho Mwasiti, akamimina kwenye glasi yake. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mwasiti aliona haya, akanyoosha mkono kumzuia. Mzee akanywa taratibu mpaka kwenye mchanga uliotuama chini. Kisha akachomoa karatasi iliyokuwa kwenye mashine, akaweka nyingine, akachapa habari ya yale matope bila kusomewa.

Pampu ilipoletwa, Mwasiti alimpelekea chupa ya maji meupe. Alikuta foleni. Mtu wa kijiji kingine alikuwa akisoma: “Sisi wanakijiji, kwa nguvu zetu wenyewe...” Mzee alifumba macho, akamnyooshea yule mtu mkono ampe kibuyu chake cha maji.