Kivuli cha Mbuzi

Sisi tuliosoma Same enzi za kwenda shule peku, tunajuana kwa nyayo. Jua la mchana likishauchoma mchanga, hutembei, unarukaruka kama bisi kwenye chungu. Na nyumbani kulikuwa mbali, barabara nzima haina hata kichaka.

Mwalimu mkuu wetu, Mpare wa milimani, aliyezoea kutuona tukiwasili peku asubuhi, akatuonea huruma. Akaamuru kila mwanafunzi apande mwarobaini wake kando ya barabara, upande wa mashariki. Maji ya kumwagilia tuliyabeba kwa kopo kutoka nyumbani, yale yaliyokwisha kuosha vyombo, na ole wako mti wako unyauke. Mama alikuwa akiniambia, "Oga kidogo, mti una kiu." Jambo hilo nililitii kwa moyo mkunjufu.

Miti ikakua. Asubuhi, hali ya hewa ikiwa bado nzuri, barabara ilijaa kivuli ambacho hakuna aliyekitaka. Saa nane tunatoka, kivuli kimehamia ng'ambo ya uzio, kwenye uwanja wa babu mmoja mfugaji. Mbuzi wake walilala humo wakicheua, wakitutazama tunavyoruka.

Wazazi wakamwendea mwalimu kwa adabu zote. Akashangaa kweli. "Jua la mchana ni la kuanikia maharage," akasema. "Nani analiziba?" Kwao asubuhi ni ukungu mtupu, jua likichomoza mchana hupokewa kama mgeni. Tena nyumba yake ilikuwa humo humo shuleni, barabara ile ya mchana hakuijua. Hadi siku alipoitwa mjini ghafla, akaenda kwa miguu saa nane, kipara wazi. Kesho yake tukapewa miche mingine, upande wa magharibi.

Tulimaliza shule miche hiyo ikitufika kiunoni. Tuliimwagilia, kivuli chake hatukukionja.

Leo inafunika barabara yote mchana, na mimi bibi mzima napita chini yake nikielekea sokoni. Watoto wa shule wananipita watatu juu ya bodaboda moja, viatu vinang'aa, kana kwamba ardhi ni najisi. "Shikamoo bibi! Si upande boda, jua kali!" Jua lipi, wajukuu zangu? Naitikia marahaba, vumbi limenijaa mdomoni. Kivuli tulichokililia darasa zima sasa ni changu chote, na inaniuma kwamba sina wa kutembea naye.