Anaeli na Tumbo la Saburi

Anaeli alikuwa mkulima wa kahawa huko Ugweno, na hadi anatimiza miaka thelathini hakuwahi kumgusa farasi. Wakati ule wa Waingereza, Bwana Mifugo wa Same alitafuta mtu mpole wa kumtunzia farasi wake jike, na mchungaji wa kanisa akamtaja Anaeli. Akateremka na mkewe Zipora, wakapewa chumba nyuma ya banda.

Farasi aliitwa Saburi. Mwanzoni Anaeli alimwogopa, kisha akaanza kumjifunza. Aliona kwamba husinzia wima, mguu mmoja wa nyuma ameulegeza. Akajua kwamba macho yake huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma ya mkia. Kwa hiyo alimwendea kutoka ubavuni, huku akisema naye.

"Mimi hujawahi kunibishia hodi hivyo," Zipora alimtania.

Asubuhi moja ya kiangazi, Bwana Mifugo akiwa safarini Gonja, Saburi aligoma kula. Aliparua ardhi kwa kwato, akawa anageuka kuutazama ubavu wake, jasho likimtiririka. Isihaka, mwenye duka la jirani, alikuja mbio na kibuyu cha maji ya chumvi.

"Mnyweshe atapike, apate nafuu."

"Farasi hatapiki, ndugu yangu," Anaeli alisema. "Bwana Mifugo alinieleza. Mlango wa tumbo lake umebana mno, kilichoingia hakirudi juu. Tukimjaza tutampasua."

Akaweka sikio ubavuni. Siku zote tumbo lile lilinguruma kama maji ya mfereji. Sasa lilikuwa kimya. Akapapasa mshipa chini ya taya. Moyo wa Saburi, ambao akitulia hupiga polepole kuliko wa mtu, ulikuwa unakwenda mbio.

Akaanza kumtembeza asije akagaagaa, utumbo ukajisokota. Wakazunguka uwanja mpaka jua likawa utosini. Anaeli alipoishiwa nguvu, Zipora akaipokea kamba. Akaenda naye taratibu, akimwimbia kwa Kigweno wimbo wa kubembelezea mtoto. Walikuwa na miaka tisa ya ndoa, na Mungu hakuwa amewajalia mtoto. Anaeli akainamisha uso.

Alasiri aliweka sikio tena. Kitu kikanguruma, kwa mbali, kisha kwa nguvu. Punde Saburi akainua mkia, akaangusha kinyesi.

"Alhamdulillahi!" Isihaka akapaza sauti, na watu watatu wakashangilia mavi.

Zipora aliketi mavumbini akalia. Anaeli akakaa kando yake.

"Wimbo ule sikuwahi kuusikia kwako."

"Sikuwa na wa kumwimbia."

Anaeli akaushika mkono wake.

Bwana Mifugo alipohamishwa, miaka mingi baadaye, aliwaachia Saburi. Meno yake yalikuwa marefu, yamelala mbele kwa uzee, na nyasi zikimshinda kutafuna. Kila asubuhi Zipora alimlowekea pumba, akamshikia beseni mpaka amalize.